Vichupa Saba vya Nyumba ya Batholomeo

Zahanati, karibu na Chemba
21 Februari 1994

Kaka Respicius,

Shikamoo. Habari za maabara yenu huko Kikuyu na mgao wenu wa umeme? Sisi huku hatuna cha kugawiwa, kwa hiyo hatulalamiki.

Dereva Mustapha anakuletea boksi la barafu lenye vichupa arobaini vya damu, kama mradi wa utafiti ulivyoagiza. Majina na umri nimevitoa kwenye daftari la kaya la mtendaji wa kijiji, sikubuni hata kimoja. Usininunie kama barafu itakuwa imeyeyuka. Mlaumu Mustapha, maana anasimama kila penye mnada.

Vichupa vya mwisho, namba 34 hadi 40, ni vya nyumba ya wakwe zangu. Hivyo viangalie kwa jicho la pekee. Unajua kwamba hii ni mimba yangu ya nne, na unajua yaliyozipata zile tatu. Wawili walizaliwa wakiwa wamekwisha kufa. Wa tatu aliishi siku mbili, na jina la baba mkwe wangu, Batholomeo, likamngoja hadi akaondoka bila kulichukua. Sasa nina miezi minne na silali vizuri.

Mimi nawashuku papasi, wale kupe wa nyufa za sakafu. Tulipojenga chumba chetu kipya, mama mkwe, Bibi Dorothea, alikuja na kibuyu. Ndani alikuwa amekusanya papasi kutoka kwenye sakafu ya tembe la zamani, akawamwaga kwenye nyufa chini ya kitanda chetu. Huku ndiyo desturi: ukihama, unahama nao, ili homa yao iendelee kukujua na isije ikakushtukiza siku moja ikakuua. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, matembe tunayo na papasi tunao, lakini hatuwabebi kama mizigo. Kipimo chako kikisema nyumba hii imejaa homa ya papasi, sakafu naifukua kwa jembe, mama mkwe apende asipende.

Nijibu upesi.

Nesi wako,
Elieth


Kikuyu, Dodoma
4 Machi 1994

Dada Elieth,

Marahaba. Barafu iliyeyuka nusu, damu haikuharibika. Mustapha nimemsema.

Nitakueleza jambo kwa utaratibu, na usianze kusema Wahaya tunapenda kuhutubia. Ninapopima, naweka tone la vijidudu vya homa ya papasi, waliokufa, kwenye karatasi, kisha namwagia maji ya damu ya mtu. Kama mtu huyo amewahi kuugua, damu yake ina kingamwili zinazowakumbuka wadudu hao. Zinawang'ang'ania, na nikitia dawa ya mwisho, doa la kahawia linatokea. Tatizo ni kwamba kingamwili nyingine hung'ang'ania hata kisichokuwa chake. Doa linatokea, nawe unaandika papasi, kumbe sivyo.

Ndiyo maana mradi umetuletea peptidi ya kuzuia. Ni unga mweupe ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Umetengenezwa kwa mashine, haujawahi kuwa ndani ya kiumbe chochote, lakini umeigizwa kipande kidogo cha mwili wa yule kijidudu. Nikiuchanganya na damu kabla ya kupima, kingamwili za kweli zinaukamata huo unga na kutulia. Doa halitokei tena. Kama doa bado linatokea, basi damu ile ilikuwa inakumbuka kitu kingine.

Namba 1 hadi 33 zimenipa raha. Kumi na mbili zilitoa doa, nikatia peptidi, yote kumi na mbili yakafutika. Lakini namba 34 hadi 40 zote saba zimetoa doa, na peptidi haikulifuta hata moja. Mbaya zaidi, madoa saba yana rangi ileile. Nimezipunguza kwa maji mara nane, mara kumi na sita, mara thelathini na mbili. Zinafifia pamoja na kupotea pamoja. Hata mapacha hawafanani hivyo.

Nilikuwa naisoma orodha kwa sauti, Mustapha akiwa mlangoni anangoja boksi lake. Nikasoma namba 34, Batholomeo, miaka sabini na moja. Akaliweka boksi chini. Akaniuliza damu hiyo ilitoka lini, nikamwambia Februari hii. Akasema, "Huyo mzee nilimbeba mimi kwa mikono yangu kwenda kaburini, mwaka juzi, kabla ya mvua."

Kisha akaondoka bila boksi. Elieth, naomba maelezo.

Respicius


Zahanati, karibu na Chemba
15 Machi 1994

Kaka Respicius,

Mustapha ana maneno mengi. Ni kweli baba mkwe alifariki. Jina lile ni la mtu mwingine wa ukoo, mtendaji alichanganya umri. Liache hivyo.

Lakini kwa kuwa umeuliza habari za mzee, nitakuambia. Jina lake halijafutwa kwenye daftari la kaya kwa sababu Bibi Dorothea amekataa. Kwao jina la mwenye nyumba haliondolewi mpaka mtoto alichukue. Kwa hiyo mzee bado anahesabiwa, bado anatengewa ugali kwenye kibakuli chake cha bati, na asubuhi kuku wanapewa. Nimezoea.

Nisichokizoea ni hiki. Siku ya tatu baada ya Mustapha kuondoka na boksi, Bibi alikuwa anafagia mlangoni. Anazungumza nami Kiswahili cha kuokoteza, akichoka anarudi kwenye lugha yao ile ya kugonga ulimi kwenye kaakaa, nami namwachia. Siku hiyo alisema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Mzee amesafiri. Hajala siku tatu. Yuko Dodoma." Kaka, sijamwambia mtu yeyote kwamba jina la mzee lilikwenda Dodoma. Wala yeye hajui kusoma.

Nina maswali mawili. La kwanza, kama peptidi haifuti doa, damu hiyo inakumbuka nini? La pili, mwanamke mwenye damu ya namna hiyo anaweza kubeba mtoto hadi mwisho? Nauliza kwa ajili ya wifi zangu, maana kwenye hao saba wamo.

Sakafu sijaifukua. Nangoja neno lako.

Elieth


Kikuyu, Dodoma
30 Machi 1994

Dada Elieth,

Nimerudia mara tatu. Umeme sasa unakuja saa nne na kukatika saa tisa, kwa hiyo nafanya kazi adhuhuri, jua likiwa limesimama juu ya bati na upepo unaleta vumbi chini ya mlango. Nilidhani mambo ya kutisha yana saa zake. Niliketi kwenye mwanga mweupe nikiangalia doa la mtu aliyezikwa likitokea taratibu kwenye karatasi. Nikatia peptidi mara mbili ya kipimo. Mzee hakunyamaza. Nisamehe kusema hivyo, lakini ndivyo nilivyohisi, kwamba nambembeleza mtu anyamaze naye hataki.

Sasa jibu la swali lako la kwanza. Kuna kijidudu kingine ambacho ni ndugu wa karibu wa huyu wa papasi. Kingamwili zake hudanganyika na kumng'ang'ania ndugu. Nilichukua matone yaliyobaki nikapima kaswende.

Zote saba zina kaswende, na kwa kiwango kilekile. Mmoja wao ni Stumai, ambaye orodha yako inasema ana miaka sita. Mtoto wa miaka sita na babu yake marehemu wana kaswende sawasawa, tone kwa tone. Ama kuna jambo lisilo la dunia hii kwenye rafu yangu, ama hii ni damu ya mtu mmoja. Nimejaribu sana kuamini la pili, lakini mikono yangu inaamini la kwanza. Kile kichupa namba 34 nimekihamishia mwisho wa rafu, peke yake, na kila ninapoingia nakitazama kwanza.

Swali lako la pili ulipaswa kulijua kuliko mimi. Wewe ndiye nesi. Mwanamke mwenye kaswende isiyotibiwa anaweza kushika mimba, lakini mtoto mara nyingi hufia tumboni au huzaliwa na kuondoka. Dawa ipo na ni rahisi. Sindano ya penisilini mara tatu, wiki moja moja, yeye na mume wake, kwa sababu akichomwa peke yake mume atamrudishia. Ni lazima iwe mapema, kabla mimba haijakomaa. Papasi wa nyumba hiyo hawajamuua mtu.

Elieth, hiyo damu ni ya nani?

Respicius


Zahanati, karibu na Chemba
18 Aprili 1994

Kaka Respicius,

Ni yangu.

Barua yako niliifungua nikiwa nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini kwenye saruji. Mkuu wangu wa zahanati alipunguzwa kazi Januari, na sisi tuliobaki tuliambiwa wazi kwamba asiyefikisha idadi ya vichupa atamfuata. Nilikuwa na thelathini na tatu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya wakwe zangu, na Bibi Dorothea akasimama mlangoni akasema damu ya nyumba hii haitoki kwenda barabarani. Jumapili mchana, watu wakiwa kanisani, nilijifungia hapa zahanati, nikajifunga mkono kwa upindo wa kanga nikiuvuta kwa meno, nikajaza vichupa saba. Majina nikayanakili kutoka kwenye daftari kama yalivyo. Jina la mzee lilikuwa la kwanza, nami sikufikiri. Mkono ulikwisha andika.

Na nilitaka kujua habari zangu bila kuuliza. Mradi haupimi wafanyakazi. Nikaona nikijificha kwenye watu saba, utaniambia.

Unauliza mbona sikujua. Vipimo vya kaswende havijafika hapa tangu mwaka jana, hilo ni kweli, na pia ni kisingizio. Wanawake wakija na hadithi kama yangu nawaambia bila kupepesa macho wakawalete waume zao. Mwenyewe nilisema papasi. Papasi hana aibu, na hakuna mtu wa kumuuliza mume wangu Thomas alilala wapi alipokuwa anapeleka ng'ombe Arusha.

Sindano ya kwanza nilijichoma siku ileile, tarehe saba. Ya pili Alhamisi iliyopita. Thomas nilimwambia jioni ya kwanza, chakula kikiwa mezani. Alfajiri akaondoka kwenda mnadani, akakaa siku nne, nikajua ndoa imekwisha. Siku ya tano akaingia hapa zahanati, kwenye foleni, nyuma ya akina mama na watoto wao. Zamu yake ilipofika akafunga mlango, akageukia ukutani. Akasema, "Choma, Elieth. Usinionee huruma." Sikumwonea.

Sasa jambo ambalo sijamwambia hata yeye. Ile tarehe saba nilirudi nyumbani, Bibi Dorothea alikuwa ameketi na kibakuli cha bati mapajani. Akanitazama nyonga, upande uleule wa sindano, ijapokuwa sikuchechemea. Akasema mzee amemtuma aniambie nisiache katikati. Nikaenda chumbani nikalia, sijui ni kwa hofu au kwa nini.

Mimba ina miezi sita. Anacheza. Nakuomba msamaha, na nakuomba usinifukuzishe kazi kabla sijajifungua.

Elieth


Kikuyu, Dodoma
27 Aprili 1994

Elieth,

Nimekasirika, na nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Mwezi mzima nimefanya kazi mgongo ukiwa ukutani. Nimemwogopa marehemu wa watu, mtu ambaye hakunikosea. Na kama nisingekuwa mbishi, majina saba ya uongo yangepanda ndege kwenda Ulaya yakawa elimu.

Nimepiga mstari kwenye namba 34 hadi 40 na kuandika kwamba zisitumike, damu ilichanganyika. Huo nao ni uongo, wa kwangu, tugawane.

Karatasi yenye madoa yako saba nimeipigilia msumari ukutani karibu na dirisha, ili nikumbuke kutomwamini nesi yeyote. Natumaini sindano ya tatu hukuichelewesha. Nikipata vipimo nitavituma.

Ukijifungua, niandikie siku hiyohiyo. Siombi, nakuagiza.

Respicius


Kikuyu, Dodoma
29 Julai 1994

Dada Elieth,

Kwa hesabu yangu tarehe zimepita. Mustapha amekuja mara mbili bila barua. Nikimuuliza anasema nyumba ile imefungwa mlango na yeye hapiti upande huo tena.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni mbaya.

Respicius


Zahanati, karibu na Chemba
3 Septemba 1994

Kaka Respicius,

Nisamehe. Ni mtoto wa kiume, alizaliwa tarehe 19 Julai, na alilia kabla hata sijamaliza kusukuma. Bibi Dorothea alinifungia ndani siku arobaini na akaninyang'anya kalamu. Alisema wale watatu tuliwaandika mapema mno, kwenye kadi, kwenye barua, kila mahali, wakajulikana kabla hawajafika. Mimi nesi, nimesoma, na nilikubali. Ungeniona ungenicheka.

Hata sasa sijamwandika jina. Nimemchoma penisilini yake, ananyonya, anaongezeka. Lakini nikikitazama kipaji cha uso wake nahesabu siku. Nikimchukua damu leo, utaona yangu tu ndani yake, si ndiyo? Uliwahi kunieleza kwamba kingamwili za mama hukaa kwa mtoto miezi mingi. Basi nitangoja ziondoke zote. Nitakapoona damu yake mwenyewe ndipo nitakapoamini nimepata mtoto.

Mpaka hapo usinipongeze.

Elieth


Zahanati, karibu na Chemba
22 Mei 1995

Kaka Respicius,

Shikamoo. Fungua boksi taratibu. Kuna vichupa saba, na safari hii kila kimoja kina mkono wake.

Sikuomba. Jumamosi Bibi Dorothea aliamka, akavaa viatu, akaongoza nyumba nzima hadi zahanati, yeye mbele na fimbo. Alinyoosha mkono wake kabla ya wengine wote. Nilimuuliza imekuwaje, damu si ilikuwa haitoki? Akasema ilikuwa haitoki kwa sababu mwenye nyumba alikuwa hayupo, na nani angeruhusu.

Kisha tulikwenda kwa mtendaji. Nilidhani jina la mzee litafutwa na la mtoto liandikwe chini. Bibi alikataa lisiguswe. Mtendaji ni mtu mvivu, akaona ni afadhali. Akakata miaka sabini na moja kwa mstari mmoja, pembeni akaandika miezi kumi. Kwa hiyo kwenye daftari ni mtu yuleyule, hakuna aliyekufa wala aliyezaliwa.

Kile kibakuli cha bati ndicho mtoto anacholia uji.

Kichupa chake ni kidogo kuliko vyote. Nimeandika namba ileile, 34. Nijibu kwa kupitia basi, usimngoje Mustapha, kwa sababu sitalala.

Elieth


Kikuyu, Dodoma
31 Mei 1995

Dada Elieth,

Nimepima jana na leo, mbele ya dirisha lilelile.

Bibi Dorothea ana doa kali, na peptidi imelifuta lote. Stumai hivyohivyo, na wifi zako watatu. Hiyo ni homa ya papasi ya kweli, nyumba nzima inawajua. Doa la Thomas halikufutika, na wewe na mimi tunajua ni nini. Halitafutika hata baada ya dawa, kwa hiyo usimsumbue bure. Damu hukumbuka hata ulichokwisha pona.

Kichupa kidogo nilikiacha cha mwisho. Nilipoisoma lebo, Batholomeo, 34, nilikirudisha mezani kwanza, nakiri. Nikamwaga tone, nikatia dawa, nikaketi. Nilingoja dakika kumi, kisha ishirini. Karatasi ilibaki nyeupe. Nimerudia mara tatu, pamoja na kaswende, na haikutokea hata kivuli. Papasi bado hawajamfikia, kaswende yako haikumfikia, na kingamwili zako zimekwisha ondoka zote. Ndani ya damu ile kuna yeye peke yake. Sasa nakupongeza, Elieth. Nimefurahi mpaka nimetoka nje kidogo ili wenzangu wasinione.

Kuna jambo moja sitaliandika kwenye ripoti. Niligeuka ukutani kutazama ile karatasi yako ya mwaka jana, ili niyalinganishe madoa. Madoa haya hufifia kwa mwanga, hilo nalijua na ninalifundisha. Lakini yapo mstari mmoja, juu ya msumari mmoja, na jua linayapiga sawa. Sita bado ni ya kahawia kama siku niliyoyatengeneza. La kwanza, namba 34, halipo. Nimeiondoa karatasi nikaishika kwenye mwanga wa mlangoni, mbele na nyuma.

Mwambie Bibi Dorothea kwamba mzee hayupo tena Dodoma. Nimemtafuta.

Ndugu yako,
Respicius